Ugomvi wa Aya Unapozuka Msibani: Mwongozo Kamili wa Kuutuliza Bila Kumvunjia Mtu Heshima

Maswali yanayonifikia kutoka Tabora yanafanana mno. Ndugu wa tumbo moja hawasalimiani tangu arobaini ya baba yao. Shangazi amesusa kuja nyumbani kwa sababu alinyamazishwa alipoanza kuomba. Kijana amerudi kutoka masomoni, akasema hitima, yaani kisomo cha Qurani kwa ajili ya marehemu, ni bidaa (uzushi katika dini), wazee wakamwambia asikanyage tena barazani kwao. Kila mmoja ana aya yake, na kila mmoja anasema amejaribu kusuluhisha ikashindikana.

Nikiwauliza walijaribu vipi, jibu huwa moja: walijibu aya kwa aya. Hapo ndipo karibu wote wanapokwama. Mwongozo huu hautakuambia nani yuko sahihi mbele ya Mungu. Utakuonyesha namna ya kukaa na mtu anayetumia mafundisho ya dini kwa njia usiyoikubali, mkazikana na kulea watoto katika ua mmoja, bila yeyote kuambiwa aiache imani yake.

Nitatumia mfano wa hitima kuanzia mwanzo, maana ndio unaogombanisha nyumba nyingi za Isevya, Ng'ambo, Gongoni na hata vijijini Uyui na Urambo. Hatua ni zile zile kwa ndugu wanaobishana kuhusu Sabato, sanamu kanisani, ubatizo wa watoto, kombe (maandishi ya Qurani yaliyooshwa kwa maji ya kunywa), maji ya upako au tambiko la ukoo.

## Vya kuandaa kabla hujamwita mtu

Msuluhishi mmoja. Awe mtu ambaye pande zote mbili zinamwitikia akiita. Si lazima awe shehe au mchungaji. Mara nyingi mama mkubwa au mjomba anafaa zaidi, kwa kuwa hana msikiti wala kanisa la kutetea.

Mjuzi mmoja kwa kila upande. Kila upande uchague wa kwake: ustadhi, katekista, mwinjilisti, mzee wa kanisa. Kazi yake ni kusoma andiko zima na kulieleza. Haamui.

Vitabu vyenyewe. Msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, Biblia, au kile kinachogombaniwa. Sauti iliyorekodiwa kwenye simu haitoshi.

Daftari na kalamu. Wengi huliacha hili, na wengi hurudi kwenye ugomvi ndani ya wiki.

Mahali. Chumbani, au chini ya mwembe wa uani, mbali na turubai la waombolezaji na mbali na spika.

Muda. Baada ya alasiri, watu wakiwa wameshakula. Magharibi ikiingia kikao kinafungwa chenyewe, na hakuna anayeonekana amekimbia.

Watu wasizidi saba. Wakizidi hapo, wasemaji wanaanza kuhutubia.

Weka pia kitu cha kutafuna. Sahani ya michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, au chai. Mtu anayetafuna hujibu polepole, na mliokula sahani moja mnaona aibu kutukanana papo hapo.

## Hatua ya 1: Angalia kwanza kama kuna mtu yuko hatarini

Uvumilivu una mpaka, na mpaka huo unaangaliwa kabla ya yote. Jiulize: je, wakati sisi tunabishana, kuna mtu anaumia?

Tuseme mtoto ana homa, bibi anataka apewe maji ya upako, baba anataka anyweshwe kombe, na wawili hao wanagombana nani ana imani potofu. Huo si ugomvi wa kusuluhisha sasa. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akapimwe malaria. Akikutwa nayo na akapewa dawa mseto, atameza mara mbili kwa siku kwa siku tatu na amalize zote, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya, usisubiri hata asubuhi. Bibi anaweza kuomba njiani, na baba anaweza kusoma dua akiwa amempakata. Hakuna andiko kati ya yale wanayogombania linalokataza sindano.

Vivyo hivyo kwa mtu aliyeambiwa aache dawa za Ukimwi, kisukari au kifafa kwa sababu "ameshapokea uponyaji". Aendelee kuombewa na aendelee kumeza. Mwenye kumzuia mtoto asitibiwe akumbushwe kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayataja matibabu na chanjo kuwa wajibu wa mzazi na mlezi. Namba ya kuripoti hatari kwa mtoto ni 116, na haitozwi pesa.

Angalia pia kama kuna aliyetishiwa kupigwa, kuchomewa nyumba au kuzuiwa kumzika ndugu yake. Ukikuta hivyo, ruka hadi Hatua ya 7.

*Umefanikiwa kama:* hakuna mgonjwa anayesubiri, na hakuna anayekuja kikaoni akiwa na hofu ya mwili wake.

## Hatua ya 2: Utoe ugomvi hadharani

Mtu aliyesahihishwa mbele ya watu hatetei tena mafundisho, anatetea uso wake. Atasema mambo ambayo hata mwenyewe hakuyaamini asubuhi ile.

Kwa hiyo, aliyesimama mbele ya waombolezaji na kusema "hiki mnachofanya ni upotevu" asijibiwe pale pale. Msuluhishi amsogelee, amshike mkono, aseme kwa sauti ya chini: "Mwanangu, neno lako nimelisikia na ni zito. Tulikalie vizuri kesho alasiri, leo tumsitiri mzee." Kisha ageuke awaambie watu kazi inayofuata: maji, jeneza, kaburi. Watu wakipewa la kufanya hutulia.

Wakristo wanaijua njia hii katika Mathayo 18: ndugu aliyekukosea unamwendea mkiwa wawili, kabla hujaita mashahidi, na kabla ya kanisa kujua. Kwa Waislamu, kumnasihi mtu faraghani ni adabu inayofundishwa tangu madrasa. Upande wowote ukipinga kikao cha faragha, mkumbushe kwa kitabu chake mwenyewe, si kwa chako.

Tahadhari: usimpe mtu kipaza sauti "ili ajitetee kidogo". Hakuna kidogo kwenye kipaza sauti.

## Hatua ya 3: Pata maneno kamili yaliyosemwa

Nusu ya magomvi haya yamejengwa juu ya kilichosikiwa kupitia mtu wa tatu. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inataka habari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa kutojua. Mithali 18:13 inasema anayejibu kabla hajasikia ni upumbavu na aibu kwake.

Msuluhishi apite kwa kila upande peke yake, aulize maswali matatu tu: Ulisikia nini kwa masikio yako? Nani alikuwepo? Andiko gani lilitajwa?

Ayaandike majibu kama yalivyotoka, bila kuyapamba. Kisha wajuzi wafungue kitabu na kusoma andiko hilo pamoja na aya za kabla na za baada. Kama ni hadithi ya Mtume, waseme imetoka kitabu gani. Kama ni mhadhara uliorekodiwa, usikilizwe wote. Kipande cha nusu dakika kinachozungushwa kwenye simu za mtaa mzima mara nyingi kimekatwa pale ambapo msemaji alikuwa anataja maneno ya mtu mwingine ili ayajibu.

*Umefanikiwa kama:* pande zote mbili zinakubaliana kuhusu kilichosemwa, hata kama hazikubaliani kilimaanisha nini.

## Hatua ya 4: Mrudishie mwenzako hoja yake mpaka aseme "ndiyo"

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ukiiruka zinazofuata zitakuwa kupoteza muda. Kanuni ni moja: hakuna anayeruhusiwa kueleza msimamo wake kabla hajaueleza wa mwenzake, na mwenzake akaridhika kwamba umeelezwa sawasawa.

Sikiliza inavyokwenda. Kijana anapinga hitima ya baba yake. Baba mdogo anaitaka.

Msuluhishi: "Mwanangu, kabla hujasema la kwako, tuambie baba yako mdogo anasema nini."

Kijana: "Anasema tufuate walivyofanya mababu, hata kama haipo kwenye dini."

Baba mdogo: "Sijasema hivyo hata siku moja."

Msuluhishi: "Rudia, mwanangu. Taratibu."

Kijana: "Anasema tukimsomea marehemu na kumwombea, Mungu anamfikishia. Na tusipofanya, watu watasema tumemtupa."

Baba mdogo: "La kwanza, ndiyo. La pili hapana. Nilisema mimi ndiye nitajiona nimemtupa kaka yangu. Watu sikuwataja."

Ona kilichotokea. Kijana alidhani anapambana na mila. Sasa anajua yuko mbele ya mtu aliyefiwa na kaka. Kisha zamu inageuka.

Baba mdogo: "Huyu anasema sisi wote tuliosomewa hitima miaka yote ni watu wa motoni."

Kijana: "Hapana, baba. Nasema ibada haiongezwi. Naogopa nitaulizwa kwa nini nilijua nikanyamaza."

Msuluhishi: "Baba, sema hilo alilosema sasa."

Baba mdogo: "Anasema… anaogopa kuulizwa."

Hapo msuluhishi akae kimya kidogo, asijaze nafasi kwa hotuba. Kila mmoja amegundua kwamba mwenzake anaogopa kitu kwa ajili ya Mungu yule yule na kwa ajili ya marehemu yule yule. Bado hawajakubaliana, ila ile dharau ambayo ndiyo hasa inawafanya watu wasisalimiane imepungua nguvu.

Hatua hii huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kurudia kwa kejeli, yaani maneno sahihi lakini yanasemwa kwa midomo iliyopinda. Msuluhishi amwambie arudie. Ya pili ni mjuzi kuingilia na aya. Aambiwe zamu yake inakuja. Ya tatu ni mkubwa kwa umri kuona kwamba kurudia maneno ya mtoto ni kujishusha. Kwa huyo, zungumza naye kabla ya kikao, mkiwa wawili, umwambie wazi kwamba utamwomba afanye hivyo na kwa nini. Mzee aliyearifiwa mapema hufanya kwa heshima zake, aliyeshtukizwa atakataa.

*Umefanikiwa kama:* kila upande umesema "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema" kwa mdomo wake. Kutikisa kichwa hakutoshi.

## Hatua ya 5: Tenga andiko, maana na matumizi

Chora mistari miwili kwenye ukurasa wa daftari upate safu tatu. Ya kwanza ni andiko lenyewe. Ya pili ni maana ambayo kila upande unaitoa. Ya tatu ni matumizi: nini kinafanywa, lini, na nani, kwa pesa ya nani.

Kwa hitima, safu ya kwanza mara nyingi haina ugomvi. Kijana anaikubali Surat al-Hashr, aya ya 10, yenye dua ya kuwaombea msamaha ndugu waliotangulia katika imani. Baba mdogo anaikubali hadithi inayosema kila uzushi ni upotevu. Hakuna anayelikana andiko la mwenzake.

Safu ya pili ndipo wanapoachana: je, kukusanyika siku maalumu na kusoma kunaingia katika uzushi huo au hakuingii? Wanazuoni wamelijadili hilo kwa karne nyingi na bado wanatofautiana. Familia yenu haitalimaliza kabla ya magharibi. Andikeni "hatukubaliani" na msonge mbele.

Safu ya tatu ndiyo yenye joto kuliko unavyodhani, na ndiyo inayoweza kutatulika. Nani ananunua mchele na mbuzi? Kama ni mali aliyoacha marehemu, na ana watoto wadogo, hapo pande zote zinakutana haraka: mali ya yatima hailiwi, Surat an-Nisaa aya ya 10 inatisha vya kutosha. Nani anapika? Mjane yuko edani (kipindi cha kukaa ndani baada ya kufiwa na mume), analia, na anatarajiwa kusimamia sufuria tano za pilau. Ipo hadithi mashuhuri ambayo Mtume, alipopata habari ya kifo cha Jaafar, aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula. Kijana ataitaja kwa furaha, na baba mdogo hataipinga. Tayari mmepata jambo: chakula kitoke kwa majirani na ukoo, na nyumba ya marehemu isichangishwe hata kitunguu.

Ninaipenda hatua hii kuliko zote. Mara nyingi kijana anayepiga kelele ya bidaa alichoona hasa ni mama yake akikopa mchele. Halikuwa swali la itikadi peke yake, na hakupata lugha nyingine ya kulisema.

Kwa Wakristo, fungueni Warumi 14 kwenye safu ya pili. Paulo anazungumza na watu wanaogombania vyakula na siku, na anamwachia kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe bila kumdharau ndugu. Wamoraviani, ambao Tabora ni makao ya jimbo lao la Magharibi, wana kauli yao ya kale: katika mambo ya lazima umoja, katika yasiyo ya lazima uhuru, katika yote upendo. Waulizeni walio kikaoni: hili letu ni la lazima au si la lazima? Kwa upande wa Waislamu husimuliwa kwamba Imamu Shafii aliposwali alfajiri karibu na kaburi la Abu Hanifa, imamu wa madhehebu nyingine, aliacha kunuti (dua inayosomwa ndani ya swala), ingawa yeye aliiona ni suna, kwa adabu ya mwenye mahali pale. Simulizi hiyo hufungua milango ambayo hoja haifungui.

Tahadhari: usikubali safu ya pili ijadiliwe kwa zaidi ya robo saa. Wajuzi wakianza kushindana kwa majina ya vitabu, wengine wote wanakuwa mashabiki.

## Hatua ya 6: Andikeni mtakachofanya

Msiandike imani ya mtu, andikeni matendo tu. Yawe mafupi, yenye siku na wahusika. Kwa mfano:

"Alhamisi baada ya alasiri itasomwa dua ya marehemu, wote watahudhuria. Wanaotaka hitima wataendelea baada ya dua, wasiotaka wataondoka kwa salamu au watahudumia wageni. Hakuna atakayeitwa kafiri, mzushi wala Wahabi. Chakula kitatoka kwa majirani. Shangazi ataomba kwa imani yake na wanawake wenzake chumbani, hatanyamazishwa. Spika haitatumika."

Kila mmoja aweke sahihi au dole gumba.

Angalia sentensi ya shangazi. Nyumba nyingi za Unyamwezini zina Mwislamu, Mkatoliki na Mmoraviani chini ya paa moja, na makubaliano yanayotengenezwa na wanaume wa dini moja peke yao yatavunjwa jikoni kabla ya chakula kuiva. Wanawake waulizwe wakiwa wamekaa kikaoni.

Suala la nyama limalizwe hapo hapo kama shughuli inachanganya dini: nani atachinja, na kama kutakuwa na sufuria mbili ziwekwe wapi. Msilidharau. Mwaka 2013 mzozo wa uchinjaji kule Buseresere, Geita, ulimwaga damu na mchungaji aliuawa.

*Umefanikiwa kama:* mtu asiyekuwepo kikaoni anaweza kuisoma karatasi na kujua Alhamisi kutakuwa na nini.

## Hatua ya 7: Ikishindikana

Nenda kwa ngazi, usiruke. Balozi au mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kisha viongozi wa dini wa pande zote mbili wakutane wenyewe. Kiongozi wa upande mmoja asikaribishwe peke yake, hata awe na hekima kiasi gani.

Pakiwa na vitisho, matusi ya hadharani au kuzuia maziko, mambo yamefika kwenye sheria. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na wa kubadilisha dini. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 125 hadi 129, inafanya kuwa makosa kuitukana dini kwa makusudi, kuvuruga ibada, kuingilia makaburi, kuzuia maiti isizikwe na kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Polisi wanapatikana kwa 112.

Sheria itumike kumlinda mtu aliye hatarini. Ukiitumia kumnyamazisha ndugu aliyekosea adabu tu, utamnyamazisha, ila usitegemee atakuja kukuzika.

## Dalili za kweli kwamba imetulia

Watu hudhani mafanikio ni upande mmoja kukiri. Usilisubiri hilo. Tazama mambo madogo: kijana anasema shikamoo na baba mdogo anajibu marahaba bila kugeuza uso. Shangazi anarudi na kapu lake. Mtu akitajwa asipokuwepo, anatajwa kwa jina lake na si kwa jina la kundi. Watoto wa pande mbili wanatumwa dukani pamoja.

Kimya kirefu si dalili nzuri. Ndugu wakiacha kubishana na wakaacha pia kutembeleana, rudini Hatua ya 4, kuna hoja ambayo haikurudishwa ikasikika.

Daftari likae kwa msuluhishi. Likizuka jipya, na litazuka, maana mwezi wa Ramadhani huandama kila mwaka na Krismasi haikosi kufika, huna haja ya kuanza upya kabisa. Hakikisha hakuna aliye hatarini, mtoe aliyekasirika pembeni, kisha fungua ukurasa mpya na uanze na yale maswali matatu ya Hatua ya 3.